Kulala Msituni: Ni Halali kwa Nani?



Wafadhili wa parokia yetu walipotutembelea kutoka Ulaya, walitaka kabla ya kurudi kwao wakawaone gorila wa milimani, nao wakatuomba tufuatane nao. Tulikubali. Tulivuka mpaka Mutukula, tukapita Masaka, Mbarara na Kabale, na jioni ya siku ya pili tukafika ukingoni mwa msitu wa mvua wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda. Tulilala hapo siku mbili katika hoteli ndogo ya kifahari. Tangu turudi, wengi wametuuliza habari za safari hiyo, na baadhi yao, tuseme kweli, wameuliza kwa kijicho. Tumeona ni afadhali tujibu mbele ya wote, kwani tuliyoyakuta kule ni mambo yanayoihusu Tume hii moja kwa moja, na sehemu ya kosa ni yetu sisi wenyewe.

Kwanza tukiri kwamba hoteli ile ni nzuri. Vyumba havizidi kumi, na kila kimoja ni nyumba ya peke yake, ya mbao na mawe, yenye kibaraza kinachoutazama msitu. Alfajiri ukungu hupanda kutoka mabondeni kama moshi wa ubani. Jioni mtumishi huja kukuwashia moto chumbani, na ukiingia kitandani miguu yako hukutana na chupa ya maji ya moto iliyofichwa chini ya blanketi, maana baridi ya milima ile si ya mchezo. Viatu ulivyovivua vikiwa na matope hadi shingoni utavikuta asubuhi mlangoni, safi kama vya bwana harusi. Hatukupata kulala hivyo tangu tuzaliwe, na hatutajifanya kwamba hatukufurahi. Bei yake tuliiona kwa bahati tu, karatasi ya malipo ilipoachwa mezani: ilizidi dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Wala hoteli ya namna hiyo si moja. Nchini Rwanda, chini ya milima ya volkano, zipo zinazotoza zaidi ya hapo.

Wapo watakaosema kwamba fedha hizo zingegawiwa maskini. Sisi hatusemi hivyo. Maneno hayo alikwisha kuyasema Yuda juu ya marhamu ya Bethania, na nia yake tunaijua. Mtu kulala pazuri kwa fedha yake halali si wizi. Swali letu ni jingine: ni kitu gani kinachouzwa pale, na yule aliyenyang'anywa kitu hicho, je, amelipwa?

Maana mgeni halipi dola elfu kwa ajili ya blanketi. Blanketi nzuri zimejaa London. Anachonunua ni kulala karibu na msitu, kuusikia usiku, na kesho yake kuingia ndani. Na katika nchi ile lipo taifa moja la watu ambalo kulala msituni ndiko kulikokuwa maisha yake yote, nalo leo likifanya hivyo litakamatwa.

Tunasema habari za Watwa. Waliishi katika misitu hiyo kwa asali, kwa mizizi, kwa dawa na kwa mawindo, kabla wakulima hawajafika na majembe. Serikali ya kikoloni iliitangaza Bwindi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, lakini Watwa waliendelea kuingia na kukaa humo. Mwaka 1991 Bwindi pamoja na Mgahinga zikafanywa Hifadhi za Taifa, na Watwa wakatolewa. Wakulima waliokuwa na mashamba ya kuonekana walipata fidia, hata kama ilikuwa ndogo. Mtwa hakuwa na shamba la kuonyesha wala mti alioupanda, basi akahesabiwa kuwa hana kitu. Watwa wengi hawakulipwa hata senti moja. Mwaka 1994 UNESCO ikauandikisha msitu wa Bwindi katika Urithi wa Dunia. Urithi! Katika desturi zetu mtu hurithiwa akiisha kufa. Hapa dunia imerithi, na mwenye mali yu hai, amesimama kando ya barabara akiyatazama magari ya wageni yakipita.

Siku ya pili wenzetu walipokwenda kuwatazama gorila, sisi tulibaki, kwa sababu ya goti letu linalojulikana na waamini wote. Tulishuka kijijini kwa miguu polepole. Kikiga na Kihaya ni lugha ndugu, hivyo tulizungumza bila mkalimani. Bibi mmoja wa Kitwa, mwenye umri kama wa mama yetu mzazi, alitukaribisha katika kibanda kilichojengwa juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Alitueleza kwamba alizaliwa msituni na kwamba alitoka humo akiwa na mtoto mgongoni. Kaburi la mama yake limo ndani. Tulimwuliza kama huenda kulizuru. Alicheka, akasema kwamba angeingia akiwa mgeni mwenye kibali, na kibali hana fedha ya kukinunua. Kisha akatuuliza sisi, kwa adabu kabisa, kama tulipolala palikuwa na baridi. Hatukuweza kumtajia ile chupa ya maji ya moto.

Jioni ile ile tulimwona tena. Baada ya chakula, wageni waliitwa kwenye uwanja wa hoteli, na Watwa wakaletwa kucheza ngoma zao: wazee, akina mama, na watoto ambao kwa saa ile walistahili kuwa wamelala. Walivikwa magome ya miti. Kijana wa hoteli alieleza kwa Kiingereza kwamba hawa ndio walinzi wa kale wa msitu. Wageni wakapiga picha, kikapu kikapitishwa, wenzetu wakatoa sadaka nono. Kisha Watwa wakavua magome, wakavaa nguo zao, wakateremka gizani kwa miguu. Hatujui ngoma ile ilianza kuchezwa kwa sababu gani zamani. Tunajua tu kwamba wakati ule ilichezwa kwa sababu ya njaa.

Tuangalie sasa hesabu, kwa kuwa katika hesabu ndimo haki hujificha mara nyingi. Tangu Julai 2024, mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa Uganda dola 800 kwa kibali cha kuwaona gorila. Watu wasiozidi wanane huongozwa kwenye familia moja ya gorila, nao hukaa hapo saa moja. Zikijaa nafasi zote kwa bei hiyo, ni dola 6,400 kwa saa. Sheria ya Uganda huwatengea majirani wa hifadhi asilimia 20, lakini ni asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi, wala si ya kibali chote. Katika kila kibali hutengwa fungu la dola 10 kwa ajili ya jamii za jirani. Kwa watu wanane ni dola 80. Na fungu hilo halimwendei Mtwa. Huenda kwa majirani wote kupitia serikali za mitaa, ambako asiye na shamba wala jamaa ofisini hana wa kumsemea.

Meneja wa hoteli, kijana mwungwana ambaye hatuna neno baya juu yake, alijitetea mbele yetu kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba bila wageni gorila wangekwisha. Hoja hii ina uzito, wala hatuikatai. Mwaka 1997 walihesabiwa Bwindi gorila wapatao 300. Katika hesabu ya mwaka 2018, pamoja na msitu wa Sarambwe upande wa Kongo, walikuwa 459. Hii ni kazi njema na waliofanya kazi hiyo wapewe sifa. Lakini je, ni nani aliyesema kwamba gorila huongezeka kwa sababu Mtwa hakulipwa? Fidia haiuui mnyama. Na msitu uliofungwa kwa fedha ya wageni peke yake umefungwa kwa uzi mwembamba: mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia wageni, gorila mashuhuri aliyeitwa Rafiki aliuawa mwezi Juni.

Muuaji wa Rafiki alikamatwa, akashitakiwa na kuhukumiwa kifungo cha miaka 11, yote katika muda wa miezi miwili. Vema. Sasa weka kando yake shauri la Watwa. Walilifungua katika Mahakama ya Katiba mwaka 2013. Hukumu ilitoka Agosti 2021, nayo iliwapa haki: Mahakama ilitambua kwamba walitolewa katika ardhi yao bila fidia ya haki, ikaagiza Mahakama Kuu ipime wanachostahili. Serikali ikakata rufaa. Yule bibi aliijua hukumu hiyo. Alituambia kwamba walicheza ngoma siku walipoletewa habari, na ile ilikuwa ngoma yao wenyewe. Tulipoonana naye alikuwa hajapokea kitu.

Hoja ya pili ya meneja ilikuwa ajira. Tuliwahesabu watumishi kwa macho: wapishi, madereva, waongozaji, vijana wenye Kiingereza safi. Tulimwomba atuonyeshe Mtwa mmoja mwenye mkataba wa kazi. Alituonyesha mzee anayekata nyasi, naye hulipwa kwa siku. Ni kweli kwamba mfuko wa hifadhi pamoja na mashirika ya dini wamewanunulia baadhi ya Watwa mashamba na kuwajengea shule na tiba. Tungekuwa waongo tukinyamaza juu ya hayo. Lakini msaada ni kitu kimoja na deni ni kitu kingine. Aliyekopa ng'ombe wako akakurudishia kikombe cha maziwa hajakulipa, hata kama kikombe kinatolewa kila asubuhi na kwa tabasamu.

Tumetaja kosa letu. Katika ukumbi wa hoteli imetundikwa picha ya siku ya uzinduzi: padre mwenzetu, amevaa stola, ananyunyiza maji ya baraka mlangoni. Hatumlaumu, kwani tungealikwa sisi tungekwenda vilevile, tukala nyama na kurudi na bahasha. Lakini sisi mapadre tuna desturi ya kumwuliza mchumba maswali mengi kabla hatujambariki, na mwenye hoteli hatumwulizi hata moja. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba wenyeji wa asili wasihesabiwe kama kikundi kidogo kati ya vikundi vingine, bali wawe wa kwanza kushauriwa pale miradi mikubwa inapogusa ardhi yao. Waraka huo tumeusoma katika semina nyingi, tukanywa soda, tukatawanyika.

Wala msomaji asiyekuwa Mganda asijione yuko salama. Wamasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959 wakaahidiwa Ngorongoro, na tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishwa kutoka Ngorongoro kupelekwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali yetu husema wanahama kwa hiari. Wapo wenyeji wengi wanaosema sivyo. Hoteli za kifahari kwenye ukingo wa kreta hazikuhamishwa. Naboti naye aliambiwa kwamba atapewa shamba lingine lililo bora zaidi, au bei yake kwa fedha. Alikuwa na haki ya kukataa, na ndiyo haki iliyomletea mauti.

Basi Tume ya parokia imekutana na kuafikiana mambo yafuatayo, ambayo tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wayafikishe majumbani. Hatutampeleka mfadhili wala mgeni yeyote wa parokia kwenye hoteli ya porini au ya msituni kabla hatujauliza kwa maandishi ardhi ile ilikuwa ya nani, wenyeji wake wako wapi, na wangapi kati yao wana mikataba ya kazi. Vijana wetu walioajiriwa katika kazi za utalii, nao si wachache, wanaombwa kuuliza hayo hayo kazini kwao, kwa busara, bila kujihatarisha. Na kikundi cha ngoma cha parokia hakitakwenda tena kucheza hotelini usiku na watoto. Tunajua kwamba uamuzi huu wa mwisho umewaudhi baadhi ya wazazi, maana ule mchango wa hoteli ulilipia sare. Sare tutazitafuta kwa njia nyingine.

Wafadhili wetu tuliwaandikia barua yenye maneno haya haya. Mmoja amejibu kwa hasira kwamba tumewalipa ukarimu kwa matusi, na huenda mwaka ujao bati za zahanati zisije. Mwingine, mama mzee aliyetoa sadaka kubwa kuliko wote usiku ule wa ngoma, ametuletea nakala ya barua aliyomwandikia meneja, akimwuliza ni Watwa wangapi walio katika orodha yake ya mishahara, na kama hoteli iko tayari kuchangia gharama za wakili wao. Jibu likifika tutalichapa katika toleo lijalo.