Mafunzo ya uokoaji kwa kamba: Wakulima wasiuziwe mbuzi kwenye gunia

Kila kiangazi kinapokaribia, wakulima wa mboga na wafugaji nchini huanza kuchimba visima vipya au kuongeza kina cha vile vya zamani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao hushuka mashimoni bila kujali msimu. Kazi zote hizo hutegemea kamba, na mara nyingi kamba yenyewe ni ile ile ya kufungia mizigo au ng'ombe.

Ajali ikitokea, kinachofuata kinafahamika vijijini. Mtu wa kwanza anaanguka chini, ndugu yake anashuka kumfuata, kisha jirani. Mwaka 1986 taasisi ya NIOSH ya Marekani ilitahadharisha kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu za aina hiyo walikuwa watu waliokwenda kuokoa wenzao. Hawakukosa ujasiri, walikosa mafunzo.

Ndiyo maana kikundi au chama cha ushirika kinachofikiria kugharimia mafunzo ya uokoaji kwa kamba kinastahili kuungwa mkono. Lakini fedha za wanachama ni chache, na vyeti havifanani.

Kimojawapo kinachojulikana sana duniani ni cha IRATA, chama chenye asili yake Uingereza. Kina ngazi tatu, hudumu miaka mitatu, na kupanda kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili kunahitaji angalau mwaka mmoja na saa 1,000 za kazi kwenye kamba. Ni cheti kizuri kwa anayefanya kazi akining'inia kwenye majengo marefu, na humfundisha kumshusha mwenzake aliyekwama. Hata hivyo, peke yake hakimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa kumtoa aliyezimia ndani ya kisima chenye hewa chafu.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, kikundi kiulize maswali machache. Je, kupima hewa ni sehemu ya masomo? Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na ikishuka chini ya 19.5 wataalamu huzuia mtu kuingia. Mshumaa unaowaka si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa hauonyeshi sumu ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye pampu ya petroli iliyoteremshwa kisimani.

Je, mafunzo yanaonyesha jinsi ya kumtoa mtu bila mwokoaji kushuka, kwa kutumia mkanda wa mwili aliouvaa tangu mwanzo, stendi ya miguu mitatu na winchi? Kwa mchimba kisima, hilo ndilo somo kuu. Je, mazoezi hufanyika ndani ya shimo halisi au ubaoni tu? Mkufunzi mwenyewe amefuzu wapi, na marudio ni baada ya muda gani?

Mafunzo ya siku moja yanayoishia kwa picha ya pamoja na karatasi yenye muhuri yana hatari yake. Humpa mtu ujasiri wa kushuka pale ambapo asiye na cheti angesita.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri alinde usalama wa anaowaajiri. Mkulima anayewakodi vijana wawili kuchimba kisima asijione yuko nje ya wajibu huo. Halmashauri, VETA na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wangefanya jambo la maana kupeleka mafunzo ya aina hii karibu na wachimbaji, na vikundi vichangie seti moja ya vifaa vya kutumia kwa zamu.

Hadi hapo, akianguka mtu kisimani, asishuke mwingine. Ipigwe simu namba 114, na kamba ibaki mikononi mwa walio juu.