Mtaalamu Aitwe Kabla ya Mche Kupandwa

Hakuna mtumishi wa umma wala mwalimu aliyepata kufanya kazi mkoani Njombe asiyejua uzito wa miti katika uchumi wa huko. Tangu Kampuni ya Miwati ya Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1949, vilima vya Njombe vimevikwa miwati, kisha misindano na mikaratusi. Na mbao na nguzo za umeme zinazopitia Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, zimewajengea wananchi nyumba na kuwasomeshea watoto. Hayo ni matunda ya jasho la wakulima, na hakuna mwenye haki ya kuyabeza.

Lakini miti hiyo hiyo imezusha swali la maji. Mto Ruhudji, unaoanzia katika nyanda hizo, humwaga maji yake Kilombero na hatimaye Rufiji, lilipo Bwawa la Julius Nyerere. Mabondeni, palipokuwa na vinyungu vya mboga na mahindi ya kiangazi, pengine sasa pamesimama mikaratusi. Mwananchi aliyehimizwa jana apande miti, leo huambiwa aing'oe kwa sababu imo ndani ya mita 60 kutoka mtoni, eneo linalolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Anayetumwa kumweleza hayo ni ofisa mtendaji wa kijiji, naye hana jibu anapoulizwa: ni mti upi, katika bonde lipi, unaokunywa maji kiasi gani?

Swali hilo halijibiwi kwa kaulimbiu. Linajibiwa kwa vipimo, na vipimo vya namna hiyo vilikwisha kufanywa katika nyanda hizi hizi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki lilianza kupima mabonde mawili huko Mbeya, moja la msitu wa asili na jingine la mashamba ya wakulima wadogo. Baada ya miaka kumi hivi ilidhihirika kwamba bonde la mashamba lilitoa maji mengi kuliko lile la msitu, hata wakati wa kiangazi. Na kwa kuwa udongo wake wa majivu ya volkano hunyonya maji upesi, mmomonyoko haukuwa mkubwa kama ilivyohofiwa. Matokeo hayo hayana maana kwamba misitu ifyekwe, kwani penye udongo wa aina nyingine mambo yangeweza kuwa kinyume kabisa. Maana yake ni kwamba msemo wa “miti huleta maji”, ambao watoto hukaririshwa shuleni, hautoshi kuwa msingi wa amri ya Serikali.

Nani basi avilete vipimo hivyo mezani? Kwa utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira, mwenye mradi ndiye humwajiri na kumlipa mtaalamu. Wengi wa wataalamu hao ni waaminifu. Lakini si haki kumtwika mtu mzigo wa kumhukumu yule anayemlipa. Halmashauri nazo zimekuwa zikipimwa kwa idadi ya miche iliyopandwa. Tena si siri kwamba watumishi, wakubwa kwa wadogo, wana mashamba yao ya miti huko huko. Kujiwekea akiba si kosa. Kosa ni kukaa katika kikao cha kushauri bila kulitaja shamba lako.

Gharama ya kuchelewa kumwita mtaalamu imekwisha kuonekana Kihansi, kwenye mto unaotoka nyanda jirani za Mufindi. Mwaka 1996, ujenzi wa mtambo wa umeme wa megawati 180 ukiwa unaendelea, wataalamu waligundua chini ya maporomoko aina ya chura mdogo asiyepatikana popote pengine duniani, aishiye kwa manyunyu ya maji hayo hayo yaliyokusudiwa kugeuzwa njia. Mwaka 2000 vyura 499 ilibidi wasafirishwe hadi Marekani. Mwaka 2009 aina hiyo ikatangazwa kuwa imetoweka porini, na kazi ya kuwarudisha ikaanza mwaka 2012. Umeme ulihitajiwa, na bado unahitajiwa. Hata hivyo, swali lililoulizwa ujenzi ukiendelea lingeweza kuulizwa miaka mitano kabla, kwa fedha kidogo sana.

Sheria ya 2004 iliweka kamati ya taifa ya kumshauri Waziri katika mambo ya mazingira. Inayokosekana Njombe ni jopo dogo la wanasayansi wa maji, udongo na misitu, watakaotafutwa kwa tangazo la wazi kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine, taasisi ya utafiti wa misitu, Uyole, na miongoni mwa wastaafu ambao elimu yao inaozea majumbani. Posho yao itoke Serikalini, wala isitoke kwa mwenye mradi. Wapewe muda maalumu, wasiondolewe kwa sababu ushauri wao umemchukiza mkubwa fulani. Na kila mmoja aorodheshe mali yake kabla ya kuketi.

Wako watakaosema kwamba jopo kama hilo litawapokonya viongozi madaraka. Kuamua ni kazi ya viongozi waliochaguliwa, na itabaki kuwa yao. Kiongozi anayekataa ushauri ana haki hiyo, ila aseme kwa nini, na kwa maandishi. Ushauri wenyewe uandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika ofisi za kata, Makambako kama Ludewa, ili mwenye ekari mbili bondeni asome kabla ya mvua za kupandia sababu ya mti huu kukataliwa na ule kukubaliwa, na ofisa mtendaji awe na karatasi ya kumwonyesha.