Terminali ndogo nayo ihifadhi mistari iliyopita

Mwaka jana nilikuwa nahamisha picha na sauti za mahojiano kutoka kwenye diski ya nje iliyokwisha kuchoka. Ilikuwa kazi yangu ya miaka minne na wafanyabiashara wadogo wa mipakani, kuanzia Busia hadi Rusumo. Nilitumia terminali, yaani lile dirisha ambamo mtu huandika amri na kompyuta humjibu kwa maandishi. Majina ya mafaili yakapita kwa kasi, na katikati yake ikapita mistari michache ya makosa, ikitaja mafaili yaliyoshindikana kusomeka. Nikazungusha gurudumu la kipanya ili nirudi juu niisome. Skrini haikusogea.

Diski hiyo haikuwaka tena. Mpaka leo nafungua faili moja baada ya jingine kutafuta lipi lilikatika njiani.

Sikudanganywa na mtu. Kompyuta yangu ni ya mtumba, ina RAM ya GB 2, na nilichagua mwenyewe terminali nyepesi. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kukosekana kwa historia katika baadhi ya terminali za aina hiyo si kasoro. Ni msimamo, na una watetezi wenye akili timamu.

Mfano unaojulikana zaidi ni st, terminali ya kundi la suckless. Kundi hilo linaamini kwamba programu ifanye kazi moja na msimbo wake uwe mfupi kiasi cha mtu mmoja kuweza kuusoma na kuuelewa. Kwao, kuhifadhi mistari iliyopita si kazi ya terminali. Anayetaka huduma hiyo atumie programu nyingine ndani yake, kama tmux, au achukue kiraka cha msimbo, akibandike na kukompaili upya.

Hoja yao ina uzito. Kila kipengele kinachoongezwa huja na makosa yake. Septemba 2020, Linus Torvalds aliondoa katika Linux msimbo uliowezesha kurudi juu kwenye skrini ya maandishi ya mfumo wenyewe. Msimbo huo ulikuwa umegundulika kuwa na kasoro, na hakukuwa na mtu wa kuutunza. Kama kipengele kidogo namna hiyo kiliweza kuwashinda watu wa Linux, kwa nini mwenye programu ndogo ajitwishe mzigo huo?

Hata hivyo, nadhani watetezi hao wamekosea katika jambo moja. Haja ya kurudi nyuma hujulikana baada ya mstari kupita. Dawa zote wanazotupa zinadai ujiandae kabla. Lazima uwe umekwisha kuwasha tmux, au umeelekeza matokeo kwenye less, au umeagiza yaandikwe kwenye faili. Aliyejua mapema kwamba kosa linakuja hana shida. Tatizo ni la yule ambaye hakujua, na huyo ndiye sisi sote siku ya balaa. Amri nyingine unaweza kuirudia. Amri iliyofuta kitu, au iliyosoma diski inayokata roho, hairudiwi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Gharama nayo tuipige hesabu. Dirisha lenye upana wa herufi 80 likihifadhi mistari 1,000, hizo ni herufi 80,000. Hata kama kila herufi pamoja na rangi yake itachukua baiti 16, jumla ni baiti 1,280,000, yaani zaidi kidogo ya MB 1. Kompyuta yangu ya mtumba inaubeba mzigo huo bila kuhema.

Mfano wa Linux nao hauhusu kila kitu. Kasoro ndani ya kiini cha mfumo huhatarisha mashine nzima, ilhali terminali ni programu ya kawaida inayoendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji wake tu. Isitoshe, wapo waliobadili mawazo. Alacritty ilipotangazwa Januari 2017 haikuwa na historia, na watumiaji walielekezwa kwenye tmux. Septemba 2018 ikaongezewa, na bado sifa yake kubwa ni kasi.

Kwa anayeripoti habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mjadala huu si mgeni. Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini Arusha mwaka 1999 unataja katika kifungu cha 7 kanuni inayosisitiza ushiriki wa ngazi mbalimbali, na ambayo kwa maana yake ya kawaida hutaka kazi ambazo ngazi ya chini inaziweza zisipelekwe juu. Maana yake ni kwamba swali la kwanza si kama kazi ni ndogo au kubwa, bali ni nani aliye karibu zaidi na anayeihitaji. Terminali ndiyo iliyochora ule mstari, na ndiyo iliyo mbele ya macho ya mtumiaji. Kumtuma akajifunze programu ya pili, ambayo kurudi juu kwake ni kubonyeza Ctrl na b kisha mabano ya mraba, ni kumpeleka makao makuu kutafuta karatasi iliyokuwa mezani kwa mtendaji wa kijiji.

Tena tukumbuke nani hutumia programu hizi. Wengine ni mabingwa wanaopenda unyoofu. Wengine ni wanafunzi na waandishi wenye kompyuta dhaifu, waliochagua chepesi kwa sababu kizito hakifunguki. Bingwa anajua kubandika kiraka. Huyu wa pili hajui hata kwamba kipo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la wastani. Terminali yoyote, hata iwe ndogo namna gani, ije na historia ya mistari 1,000, na iwepo namba moja ya kubadilisha. Asiyeitaka, au anayeogopa siri zake kubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta, aandike sifuri.

Na wewe msomaji mwenye diski kuukuu, usingoje mabishano hayo yaishe. Kabla ya kuhamisha chochote leo, zungusha gurudumu la kipanya uone kama skrini inasogea.