Tuhesabu Kwanza Wanaomaliza



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wazazi huuliza swali moja: ni kozi ipi yenye fedha? Swali hilo si dhambi. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kipande cha shamba ana haki ya kujua jasho lake linakwenda wapi. Ninachotaka kusema juma hili ni kwamba swali hilo lapaswa kuwa la pili. La kwanza ni hili: kati ya wanaoianza kozi hiyo, ni wangapi huimaliza?

Tuchukue mfano wa Marekani, ambako hesabu za namna hii zimewekwa wazi kwa yeyote anayezitaka. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Georgetown, ambacho ni chuo cha Wajesuiti, kilitoa utafiti uliolinganisha mapato ya wenye shahada ya kwanza katika fani 171. Juu kabisa walikaa wahandisi wa mafuta, ambao mshahara wao wa katikati ulikuwa dola 120,000 kwa mwaka. Chini kabisa walikaa waliosomea saikolojia ya ushauri nasaha, kwa dola 29,000. Tofauti ni zaidi ya mara nne. Mzazi gani asingemsukuma mwanawe kwenye mafuta?

Lakini tuulize orodha hiyo ilimhesabu nani. Ilimhesabu mtu aliyekwisha kupata shahada na anayefanya kazi ya kudumu mwaka mzima. Aliyeanza na kuishia njiani hana mstari wake katika orodha. Na hao si wachache. Takwimu za serikali ya Marekani zaonyesha kwamba, kati ya wanafunzi walioanza shahada ya kwanza mwaka 2014, asilimia 64 tu ndio waliokuwa wamehitimu katika chuo walichoanzia baada ya miaka sita, ingawa masomo yenyewe ni ya miaka minne. Katika vyuo vya umma walikuwa asilimia 63. Katika vyuo binafsi visivyo vya biashara, asilimia 68. Katika vyuo vinavyoendeshwa kwa faida, asilimia 29. Nchi ni moja na shahada ni ile ile, lakini katika kundi hilo la mwisho hata theluthi moja hawakufika. Yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka hakuchekwa kwa kuwa mnara wake ulikuwa mfupi. Alichekwa kwa kuwa alianza asiweze kumaliza.

Jambo jingine: orodha ya mishahara hueleza jana. Kijana aliyevutwa na dola zile akaingia uhandisi wa mafuta mwaka 2012 angetarajia kuhitimu mwaka 2016. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta ghafi liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30, na makampuni yakapunguza wafanyakazi kwa maelfu. Kijana huyo hakukosea hesabu za darasani. Soko ndilo lililogeuka angali anasoma.

Kwetu Tanzania hasara ya kuishia njiani ina uzito wake. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Aliyekatiza masomo naye hudaiwa. Hubaki na deni la msomi na kipato cha asiye na cheti. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Kwa hiyo nawasihi wazazi: msimlazimishe kijana kuingia fani ambayo hesabu zake zilimshinda tangu sekondari, eti kwa kuwa ina fedha. Huyo ndiye aliye katika hatari ya kurudi nyumbani mwaka wa pili. Mwalimu aliyehitimu ana kipato kikubwa kuliko mhandisi ambaye hakuhitimu. Nendeni chuoni kabla ya kulipa ada, mkaulize: mwaka ule waliingia wangapi katika kozi hii, na waliovaa joho ni wangapi? Ningependa kila chuo, na hasa vyuo vya Kanisa, kiwe tayari kujibu swali hilo kwa tarakimu, si kwa picha za mahafali.

Nasi tunaoendesha shule tusijifiche. Georgetown waliporudia hesabu yao mwaka 2015, waliokaa chini kabisa walikuwa waliosomea elimu ya watoto wadogo, kwa dola 39,000. Ikiwa kijana mwenye kipaji cha kulea watoto anaikimbia fani hiyo kwa hofu ya njaa, kosa si la kijana wala la mzazi wake. Ni la anayepanga mshahara wa mwalimu wa chekechea, na mara nyingi anayepanga ni parokia. Hatuwezi kumwambia kijana afuate kipaji chake, kisha tukamlipa ujira usiomfikisha mwisho wa mwezi.

Nawatakia juma jema.