Plagini Ndogo Nayo Ipimwe

Frateri akifika parokiani kwa mwaka wa uchungaji, haichukui muda kabla hajakabidhiwa vitu viwili: kwaya ya vijana na tovuti. Wazee wa parokia huamini kwamba kila kijana aliyesoma ni fundi wa kompyuta. Basi ataombwa aongeze fomu ya nia za Misa, kalenda ya jumuiya ndogondogo, au picha za Kipaimara. Ikiwa tovuti imejengwa kwa WordPress, kama zilivyo nyingi, kazi ni nyepesi. Anatafuta plagini, yaani programu ndogo ya kuchomekwa kwenye tovuti, anabonyeza mara mbili, imekwisha.

Wengi tukitaka kujua kama plagini ni salama tunaangalia nyota ilizopewa na idadi ya wanaoitumia. Kwa maoni yangu kipimo hicho hakitoshi hata kidogo.

Tukumbuke kwanza kwamba katika WordPress plagini haina udogo wa madaraka. Hata ile ya kubadilisha rangi ya maandishi inafanya kazi kwa uwezo uleule wa mfumo mzima: inaweza kusoma hifadhidata yote, kuunda msimamizi mpya, kuandika mafaili kwenye seva. Ni sawa na kumwita fundi abadilishe taa moja ya ukumbi, ukampa funguo za sakristia, ofisi na kabati la vitabu vya ubatizo.

Chukua mfano wa Display Widgets. Kazi yake ilikuwa kuchagua visanduku vya pembeni vionekane kwenye ukurasa upi, basi. Tovuti kama 200,000 ziliitumia. Mwaka 2017 aliyeitengeneza akaiuza, na mmiliki mpya akatoa matoleo yenye mlango wa siri uliomwezesha kuchapisha matangazo yake kwenye tovuti za watu. Ujanja wenyewe ulikuwa huu: msimamizi aliyeingia kwa nenosiri lake hakuyaona matangazo hayo, wageni ndio walioyaona. WordPress.org iliiondoa kwenye orodha yake mara tatu kabla haijaifungia moja kwa moja mwezi Septemba. Nyota zilizokuwa pale zilitolewa kwa kazi ya mtu ambaye alikuwa ameshaondoka.

File Manager ni habari nyingine. Hapo hapakuwa na nia mbaya. Faili la mfano, lililotoka kwenye programu nyingine ambayo plagini hiyo iliitegemea, lilibadilishwa jina likawa linaweza kuendeshwa na mtu yeyote kutoka nje bila nenosiri. Septemba 2020, plagini ikiwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, wavamizi walianza kupakia mafaili yao. Marekebisho yalitoka upesi, lakini asiyesasisha alibaki wazi.

Msomaji ataona mgongano hapa. Katika kisa cha kwanza sumu ililetwa na sasisho lenyewe. Katika cha pili sasisho ndilo lililokuwa dawa. Mimi bado nasema sasisha, tena mapema, kwa sababu tundu likishatangazwa wavamizi hawasubiri Dominika ipite. Ila soma maelezo ya toleo jipya. Ukiona mmiliki amebadilika, au plagini ya visanduku imeanza ghafla kuwasiliana na seva ya mbali, simama kwanza.

Uzuri wa plagini ndogo ni kwamba inasomeka. Mistari mia tatu ya msimbo, frateri aliyejifunza PHP kidogo anaimaliza jioni moja. Atafute inapopokea maneno ya mgeni: je, inayasafisha kabla ya kuyahifadhi? Kabla ya kufuta au kubadilisha kitu, je, inahakikisha anayeomba ana ruhusa? Inahifadhi nini, na wapi? Asiyeweza kusoma msimbo aangalie angalau tarehe ya toleo la mwisho. Plagini isiyotumika ifutwe kabisa, maana ukiizima tu mafaili yake yanabaki kwenye seva. Na zile za kulipia zinazogawiwa bure baada ya kuvunjwa kufuli, hapana. Huo ni wizi, tena mara nyingi ndani yake mna mwizi mwingine.

Kinachonisumbua zaidi ni fomu. Mtu anaandika nia ya Misa: ndoa yenye matatizo, mtoto mwenye madawa, kipimo cha hospitali anachosubiri, na chini yake jina na namba ya simu. Kanuni ya 535 inamtaka paroko alinde vitabu na hati za parokia zisiangukie mikononi mwa watu wa nje, na ya 220 inalinda haki ya kila mtu ya faragha. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inahesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kitabu cha ubatizo tunakifungia kabatini. Haya mengine tunayaweka kwenye hifadhidata ambayo kila plagini inaisoma.

Ningependa fomu ya nia za Misa iondolewe kabisa kwenye tovuti. Libaki tangazo la saa za ofisi na namba ya katibu wa parokia, na bahasha ziendelee kupokelewa mezani kwake.