Tumbo la Mkimbiaji Si Jambo la Kuchekwa

Mkimbiaji aliyeteguka mguu hupokewa kwa pole. Lakini yule aliyeacha njia kwa kushikwa na tumbo hupokewa kwa vicheko, na kesho yake huitwa mlafi au mvivu. Sisi twasema kwamba vicheko hivyo ni dhuluma, na tena vina hatari, kwa maana humfunza mgonjwa kuficha ugonjwa wake.

Kichefuchefu, kutapika, msokoto wa tumbo na kuharisha ni mambo yanayowapata watu wengi wa mbio ndefu, wanafunzi na mabingwa pia. Mwaka 1996 Uta Pippig wa Ujerumani alishinda marathoni ya Boston huku akiharisha na kuumwa na tumbo. Baadaye ilifahamika kwamba utumbo wake uliumia kwa kupungukiwa na damu. Mwaka 2005 Paula Radcliffe wa Uingereza alilazimika kusimama kando ya barabara mjini London akajisaidia mbele ya macho ya watu, kisha akaendelea na kushinda kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 42. Nani atathubutu kuwaita hao wavivu?

Sababu yake si siri. Mtu akikimbia kwa nguvu, damu huelekezwa kwenye misuli inayofanya kazi na kwenye ngozi ili joto lipungue, na tumbo huachiwa sehemu ndogo tu. Jua likiwa kali na maji yakipungua mwilini, hali huzidi. Utumbo ulionyimwa damu hushindwa kupokea chakula, na kila hatua huutikisa. Basi mwenye kula maharage au vyakula vya mafuta muda mfupi kabla ya mbio amejitwisha mzigo asioweza kuutua njiani.

Lipo kosa lililo baya zaidi. Wako wanaomeza vidonge vya kutuliza maumivu kabla ya kukimbia, wakidhani wanajikinga. Vidonge vya namna ya ibuprofeni na aspirini hudhuru utumbo ule ule ambao tayari una shida. Wengine nao hunywa maji bila kiasi. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488, wakakuta kwamba 13 katika kila 100 chumvi ya damu yao ilikuwa imeshuka mno. Na waliokunywa kupita kiasi ndio waliokuwa hatarini zaidi. Maji ni uhai, lakini yana kipimo chake.

Habari njema ni kwamba tumbo hufundishika kama miguu inavyofundishika. Anayejizoeza kwa majuma kadhaa kula na kunywa kidogo kidogo akiwa mbioni hupata nafuu. Chakula chepesi kiliwe saa kadhaa kabla, na kila kitu kijaribiwe mazoezini. Siku ya mashindano si siku ya majaribio. Na aonaye damu katika choo asingoje: aende hospitali.

Lakini haitoshi kumwonya mkimbiaji peke yake. Siku hizi wafanyakazi wengi hushiriki mbio ndefu na hutoa kiingilio kutoka katika jasho lao. Wenye kuandaa mbio hizo wana wajibu wa kuweka vyoo njiani, si mahali pa kuanzia tu, na maji safi ya kutosha. Walimu wa riadha nao wawaulize vijana wao habari za tumbo kama wanavyouliza habari za magoti, na wawaulize bila dhihaka.

Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Tuache kucheka, ili wenye kuumwa wapate kusema.