Presha ya Ujanani: Usikimbilie Kusema Karogwa

Wiki hii stori za mapenzi tuziweke kando, nina jambo limenikaa rohoni.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ana miaka 26. Ni mchimbaji kule Nyarugusu, Geita. Mwili wa mazoezi, pombe hagusi. Mwaka jana akaanza kuumwa kichwa, miguu inalegea mpaka anavutwa kutoka duarani, na usiku anaamka mara nne kukojoa. Kwenye zahanati moja mashine ikasoma 190/120. Mpimaji akacheka: "Hii mbovu, presha ni ya wazee." Akampa vidonge vya maumivu, jamaa akarudi shimoni.

Nyumbani Shinyanga wazee wakakata shauri kwamba wenzake wamemroga sababu ya dhahabu. Mbuzi wawili wakaenda kwa mganga. Miguu ikabaki vilevile. Baadaye akaanzishiwa dawa za presha, aina tatu, nayo haishuki ng'o!

Shangazi ndiye aliyemburuza mpaka hospitali ya rufaa, Mwanza. Daktari akapima damu, akakuta potasiamu iko chini, akaagiza vipimo vya homoni.

Kumbe juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Inatoa homoni iitwayo aldosteroni, kazi yake kuzuia chumvi isipotee mwilini. Ikizidi, chumvi na maji vinajaa, presha inapanda, na potasiamu inatoka na mkojo mpaka misuli inalegea. Wala si ugonjwa mpya. Daktari Jerome Conn wa Marekani aliueleza tangu mwaka 1955! Kaka akapewa spironolaktoni, dawa inayoizuia homoni hiyo. Leo anasoma 130/80.

Na nyie dada zangu wa mkorogo na vidonge vya kunenepesha, msinicheke. Baadhi vina steroidi kali, nazo ni homoni. Uso unavimba duara, unadhani umependeza, kumbe presha inapanda. Ila kama umevitumia muda mrefu usiviache ghafla, ni hatari. Muone daktari kwanza.

Kijana mwenzangu, ukipimwa zaidi ya mara moja ukakuta 140/90 au zaidi, usikubali kuambiwa mashine mbovu. Muulize daktari: figo zangu je? Potasiamu je? Tezi je? Ni maswali matatu tu, na hayali mbuzi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.